Waliyemfukuza Hakuwa Akiambukiza Tena

Fundi alikohoa tangu mvua za vuli hadi masika yalipoingia, na muda wote huo mtaa ulikaa naye. Wanawake walijaa chumbani kwake kupimwa magauni ya harusi, vijana walikuja kusikiliza mpira kwenye redio yake, na mjukuu wa mwenye nyumba, mtoto wa miaka mitatu, alishinda chini ya meza ya kukatia akiokota vipande vya vitenge. Hakuna aliyemwogopa. Alipopimwa, akaonekana ana kifua kikuu, akaanza dawa, ndipo alipotengewa kikombe. Ndipo mtoto alipokatazwa kumsogelea, na ndipo hatimaye alipoambiwa ahame. Alikaribishwa miezi yote aliyokuwa akiambukiza, akafukuzwa alipoacha.

Fundi ninayemsimulia si mtu mmoja. Nimemuunga kutokana na mambo yanayowapata wagonjwa wa kifua kikuu katika miji yetu ya pwani mwaka hadi mwaka, ili nisimwanike mtu aliyekwisha kuanikwa vya kutosha. Lakini yaliyompata ni ya kweli, na ninayasema kwa uchungu, maana karibu yote yangeweza kuzuilika kwa vidonge ambavyo serikali inavitoa bure.

Chumba chake cha kushonea kilikuwa cha mbele, upande wa barabara, katika nyumba ya kupanga yenye vyumba saba. Kilikuwa na dirisha moja, na dirisha hilo alikuwa ameliziba kwa rafu ya majora ya vitambaa, kwa sababu vibaka wa mtaani hupitisha ndoano kwenye nondo na kuvuta chochote. Ndani mlikuwa na cherehani mbili, meza ya kukatia, benchi la wateja na pasi ya mkaa. Alipoanza kukohoa alisema ni moshi wa pasi. Baadaye akasema ni vumbi la vitambaa. Wateja walikubali, kwa kuwa fundi yeyote hukohoa kidogo, na yeye mwenyewe alikubali zaidi ya wote.

Kifua kikuu hakihitaji zaidi ya chumba kama kile. Mgonjwa anapokohoa, anapocheka au hata anapozungumza, hutoa matone madogo mno yenye vimelea, na katika chumba kisichopitisha hewa matone hayo huelea kwa saa kadhaa. Anayeingia baadaye anayavuta hata kama mgonjwa ameshatoka kwenda msikitini. Kikombe hakina hatia hapo. Sahani, kijiko, shuka, kiti, kupeana mikono, vyote havina hatia. Dirisha lililozibwa ndilo lenye kosa, na hakuna aliyelitazama.

Kufikia Januari suruali zake zilikuwa zimelegea hata ikabidi azipunguze kiunoni. Usiku alilowa jasho. Dada yake mkubwa, aliyekuja kumtembelea kutoka kijijini, alimwangalia mara moja tu akamwambia, "Mdogo wangu, nenda hospitali." Hakwenda. Alikuwa na hofu kubwa kuliko kifua chenyewe, na hofu hiyo ina historia yake.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani Kagera. Katika miaka iliyofuata, kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika, watu walizika ndugu zao wakiwa wamekonda na kukohoa, kwa sababu mwili ulioishiwa kinga ndio mwili ambao kifua kikuu huushambulia kwa urahisi. Magonjwa mawili yakafungwa fundo moja katika macho ya watu. Mpaka leo mtu akikonda na kukohoa, barazani haulizwi kama amepima makohozi. Watu wanatazamana tu, na mmoja anasema kwa sauti ya chini kwamba jamaa amekanyaga miwaya. Ni kweli kwamba mtu mwenye virusi vya UKIMWI yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kuugua kifua kikuu. Ni kweli vilevile kwamba wagonjwa wengi wa kifua kikuu hawana virusi hivyo. Fundi hakuwa navyo. Lakini alijua kwamba siku atakayoonekana kwenye benchi la kliniki ya kifua kikuu, mtaa hautasubiri majibu.

Basi akazunguka. Alianza na duka la dawa, akauziwa sharubati ya kikohozi, kisha vidonge vya rangi mbili, kisha sindano kwa mtu anayechoma sindano nyumbani kwake. Akaenda kwa mganga, ambaye alimwambia kuna mteja aliyeacha kitambaa chenye uchawi. Alitoa fedha kila mahali alikopita. Najua wapo wanaosema watu wa aina hii ni wajinga, na siwezi kukubaliana nao hata kidogo. Fundi alikuwa amesoma hadi kidato cha nne na alikuwa amewahi kusikia matangazo yote ya redio kuhusu kikohozi cha wiki mbili. Alikuwa na elimu ya ugonjwa, na pia alikuwa na elimu ya mtaa wake. Ile ya pili ndiyo aliyoifuata.

Alipoanza kutema damu, alipanda daladala alfajiri. Akaipita zahanati iliyo umbali wa kutembea kutoka kwake, akaupita na mjini kati, akashuka kwenye hospitali ya wilaya nyingine ambako hakuna amjuaye. Huko alitaja mtaa usio wake. Alipewa vikopo viwili, kimoja atoe makohozi palepale, kingine aende nacho akalete ya asubuhi. Kile cha pili alirudi nacho nyumbani akakificha ndani ya kopo la vifungo.

Majibu yalipotoka, muuguzi alimkalisha na kumweleza kwa upole. Matibabu ni miezi sita. Miezi miwili ya kwanza dawa nne katika kidonge kimoja cha mchanganyiko, miezi minne inayofuata dawa mbili. Mkojo utakuwa mwekundu kwa sababu ya mojawapo ya dawa hizo, asiogope. Asiruke hata siku moja. Kisha akaulizwa jambo lililomshinda: nani atakuwa msimamizi wake, mtu wa nyumbani atakayemwona akimeza kila siku? Mke na watoto walikuwa kwa wazazi wao huko kijijini. Kumtaja jirani kungekuwa kujitangaza. Fundi akaandikisha jina la rafiki ambaye hakuwahi kuambiwa lolote, na karatasi ikaonekana imekamilika.

Hapa inafaa tusimame kidogo tuulize hofu ya kukaa karibu na mgonjwa wa kifua kikuu ilitoka wapi, maana haikuanza kwa ubaya. Robert Koch alitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amekiona kimelea kinachosababisha ugonjwa huu. Tangu siku hiyo dunia ilijua kwamba unaambukiza, lakini kwa zaidi ya miaka 60 haikuwa na dawa ya kuutibu. Kilichobaki ni kuwatenga wagonjwa. Ndiyo maana hospitali nyingi za kifua kikuu zilijengwa milimani na misituni, kwenye hewa baridi, mbali na watu. Yetu ni Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, iliyoanza mwaka 1926. Mgonjwa alipelekwa huko akapumzike, ale, avute hewa safi, na nyumbani wabaki salama. Kwa wakati ule, kutenga kulikuwa na mantiki, kwa kuwa mgonjwa aliendelea kuambukiza miaka na miaka.

Kisha dawa zikapatikana. Streptomycin iligunduliwa mwaka 1943, nyingine zikafuata, na mwaka 1956 madaktari mjini Madras, India, mji unaoitwa Chennai siku hizi, wakaanza utafiti ambao ningependa kila mwenye nyumba ya kupanga aujue. Waliwachukua wagonjwa maskini wa mji huo wakawagawa makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja lililazwa sanatoria, hospitali ya namna ile ya kutengea wagonjwa, likapata kitanda, chakula kizuri na mapumziko. Kundi la pili lilipewa dawa zilezile, lakini likabaki nyumbani, katika vyumba vilivyosongamana, kwenye chakula hafifu, wengine wakiendelea na kazi. Wengi walitarajia kwamba familia za waliobaki nyumbani zingeugua zaidi. Zikafuatiliwa kwa miaka mitano. Hazikuugua zaidi. Ndugu wa mgonjwa aliyetibiwa nyumbani walikuwa salama sawasawa na ndugu wa yule aliyepelekwa mbali.

Maana yake ni nzito. Familia ilikuwa imeshapata maambukizi kabla ya ugonjwa kugunduliwa, miezi ile ya kikohozi kisicho na jina. Dawa zilipoanza kufanya kazi, uwezo wa kuambukiza ulishuka haraka, ndani ya siku na wiki za mwanzo. Kumwondoa mgonjwa baada ya hapo hakukumlinda mtu yeyote.

Tanzania ina nafasi yake katika habari hii, na inanisikitisha kwamba haisimuliwi mashuleni. Mwaka 1977 ulianzishwa mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na aliyeshirikiana na madaktari wetu kuujenga ni Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia ambaye yeye mwenyewe aliugua kifua kikuu baada ya kufungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Katika nchi yenye barabara mbovu na fedha kidogo, walionyesha kwamba kifua kikuu kinaweza kutibiwa kwa wingi na kwa utaratibu: makohozi yapimwe kwa hadubini, dawa zisikatike, mgonjwa asimamiwe anapomeza, kila jina liandikwe kwenye daftari na matokeo yake yajulikane. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza mwaka 1993 kwamba kifua kikuu ni dharura ya dunia, njia liliyoisambaza katika nchi nyingine ilijengwa juu ya kazi hiyo. Lakini utaratibu wote ule unaanza mgonjwa anapofika mlangoni. Anayeogopa kuonekana mlangoni haupati.

Turudi kwa Fundi. Wiki ya tatu ya dawa kikohozi kilikuwa kimepungua, hamu ya kula imerudi, na alikuwa ameshapiga hesabu kwamba atamaliza miezi sita bila mtu kujua. Asubuhi moja likaja gari jeupe lenye maandishi makubwa ubavuni, maandishi yaliyotaja kifua kikuu kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara. Walikuwa watu wa afya, wamempata kwa namba ya simu. Nia yao ilikuwa njema kabisa. Utaratibu unataka waliokaa karibu na mgonjwa wafuatiliwe, hasa watoto wa chini ya miaka mitano. Mtoto wa umri huo aliyevuta vimelea huweza kuugua upesi na vibaya, na chanjo ya BCG aliyopigwa alipozaliwa humpunguzia hatari lakini haimwondolei. Wakati ule aliyekutwa mzima alipewa dawa ya kinga kwa miezi sita, vidonge vidogo vya isoniazid vya kuuzima ugonjwa kabla haujainuka.

Wakauliza mlangoni kama ndipo anapoishi Fundi mwenye kifua kikuu. Waliuliza mbele ya wateja wawili na muuza maji.

Mama mwenye nyumba alitoka uani akijifuta mikono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, wanangu. Mnataka nini?"

"Tunaomba kuwaona watoto wa nyumba hii. Tuwapime, na walio wazima tuwaanzishie dawa ya kinga."

Mtoto alikuwa amesimama nyuma yake, ameshika kanga yake. Mama akamvuta ndani.

"Nyumba yangu haina TB. Mtoto huyu mzima, anakula, anacheza. Mkimpima leo, kesho mtaa mzima utasema ukoo wetu una kifua. Huyu mtoto ana mama zake wadogo wawili hawajaolewa."

Walimsihi. Akawaambia wamalizane na mgonjwa wao. Wakaandika kwenye fomu kwamba mlezi amekataa, wakaondoka, na gari lilipogeuza, watu walikuwa wameshajaa barazani.

Nimewaza sana kuhusu mama huyu, na siwezi kumwita katili. Alikuwa analinda alichokiona kuwa kiko hatarini: jina la nyumba, wapangaji, ndoa za binti zake. Vyote hivyo vilikuwa hatarini kweli, kwa sababu mtaa ungefanya vilevile alivyosema. Ndiyo kazi ya unyanyapaa. Unamfanya mtu mwenye akili timamu na mapenzi ya kweli kwa mjukuu wake achague kumkinga dhidi ya maneno, amwache bila kinga dhidi ya ugonjwa.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Kikombe cha Fundi kikawekwa peke yake juu ya dirisha la choo. Mteja mmoja akatuma mtoto kuchukua kitambaa chake ambacho hakijashonwa, kisha mwingine, kisha wakaja watatu kwa siku moja. Vijana wa mpira wakahamia kwa kinyozi. Mwisho wa mwezi wa pili wa dawa, mama mwenye nyumba akaja chumbani kwake jioni, akasimama mlangoni.

"Fundi, baba, mimi sina ugomvi na wewe. Wapangaji watatu wameniambia usipotoka wewe watatoka wao. Kodi yako iliyobaki nakurudishia."

"Mama, daktari ameniambia sasa siambukizi."

"Daktari halali hapa."

Kesho yake kijana wa bodaboda wa chumba cha nyuma alimsaidia kubeba godoro na cherehani. Wengine walitazama kutoka mbali.

Fundi alihamia nje ya mji, mahali ambapo nauli ya kwenda na kurudi hospitalini ilikuwa sawa na chakula chake cha siku mbili, na kazi hakuwa nayo tena. Wiki moja alikosa kwenda kuchukua dawa. Akapata nauli, akaenda, akaulizwa kwa ukali amekuwa wapi, tena mbele ya foleni. Mara iliyofuata alikosa wiki tatu. Alikuwa ameshapata nafuu, mwili umerudi, na kila kidonge kilimkumbusha kwa nini alifukuzwa. Mwezi wa nne akaacha. Rafiki aliyeandikwa kuwa msimamizi alipigiwa simu, akashangaa, akasema yeye hajui habari yoyote ya dawa.

Vimelea vya kifua kikuu havifi vyote kwa pamoja. Vingi hufa mwanzoni, na mgonjwa husikia nafuu kubwa. Vilivyobaki ndivyo vinavyohitaji miezi. Mtu anapomeza leo na kuacha kesho, vinavyostahimili dawa hubaki na nafasi ya kuzaana, na ugonjwa unaporudi, dawa za kwanza hazivisumbui tena. Ndicho kinachoitwa kifua kikuu sugu. Mwaka uliofuata Fundi alikuwa akikohoa upya, na safari hii alikuwa anatoa hewani vimelea vigumu kuliko vile alivyoanza navyo. Kule alikohamia pia kulikuwa na majirani, na nao pia hawakujua.

Alipelekwa Kibong'oto, ambako nchi ilikuwa imeanza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009. Wakati ule, kabla vidonge vipya havijaja, matibabu yalichukua miezi 20 hivi, na miezi ya mwanzo ilikuwa ya sindano kila siku. Makalio yalivimba mpaka hakuweza kukaa kwenye cherehani hata kama angekuwa nayo. Sindano zile zilikuwa na tabia ya kuharibu masikio. Fundi alianza kusikia mlio usiokatika, kisha sauti za juu zikapotea, kisha sauti za watoto. Alipona kifua. Usikivu wake haukurudi. Gharama ya kumtibu mgonjwa mmoja sugu kwa njia ile ingewatibu wagonjwa wengi wa kawaida, na mgonjwa wa kawaida ndiye aliyekuwa Fundi siku anaambiwa ahame.

Na mtoto? Mtoto alianza kukataa kuinama. Ni jambo dogo, na bibi yake hakulitilia maanani. Akiangusha kitu sakafuni alichuchumaa kukiokota, mgongo umenyooka, mkono mmoja umeshika paja. Usiku alilia. Walimkanda kwa mafuta, wakasema ameanguka akicheza. Kisha kikatokea kinundu katikati ya mgongo, na miguu ikaanza kulegea. Walipomfikisha hospitali kubwa, picha ilionyesha pingili mbili za uti wa mgongo zimeliwa. Kilikuwa kifua kikuu cha mifupa. Aliwekwa kwenye dawa kwa miezi 12, na miguu ikarudi kufanya kazi, nashukuru. Mgongo ulibaki umepinda, na utabaki hivyo. Vidonge vya kinga ambavyo vingeweza kumwepusha na hayo vilikuwa ndani ya lile gari jeupe siku ile, umbali wa hatua chache kutoka mlangoni.

Mwaka 2023, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 10.8 waliugua kifua kikuu duniani na milioni 1.25 walikufa. Waliogunduliwa na kuandikishwa walikuwa milioni 8.2. Waliobaki, zaidi ya milioni mbili na nusu, wako mahali fulani wakikohoa bila jina kwenye daftari. Wengine wako mbali na hospitali, wengine hawana nauli, wengine walipimwa vibaya. Lakini wamo pia waliokaa kwenye daladala wakaipita zahanati yao kwa hiari, na hao hakuna mashine wala dawa mpya itakayowapata mpaka waache kuogopa majirani.

Mkanganyiko huu wa kumkimbia asiye hatari hauko kwenye kifua kikuu peke yake. Mtu mwenye virusi vya UKIMWI anayemeza dawa zake vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana. Tafiti kubwa zilizofuatilia wapenzi ambao mmoja anavyo na mwingine hana hazikupata hata ambukizo moja lililotoka kwa mwenzi wa namna hiyo. Mgonjwa wa ukoma huacha kuambukiza muda mfupi baada ya kuanza dawa, na binadamu wengi wana kinga ya asili dhidi ya ukoma. Hata hivyo kadi ya kliniki ndiyo inayovunja uchumba, na kovu la mtu aliyekwisha kupona ndilo linalomfanya konda amwambie gari limejaa. Asiyepimwa, asiyejijua, ambaye labda ndiye mwenye kuambukiza, anakaa nasi meza moja. Sisemi tuhamishe woga kwa huyo. Akiona jinsi tunavyomtendea aliyepimwa, atakuwa na sababu gani ya kupima?

Na mzigo huu si wa mtaa peke yake. Gari lenye maandishi lilipelekwa na watu wa afya. Aliyemfokea Fundi kwenye foleni alikuwa amevaa sare. Walioacha jina la msimamizi lipite bila kuthibitishwa walikuwa na simu mezani. Ukitaka watu wasifiche, lazima huduma yenyewe ijue kutunza siri, na hilo halihitaji fedha nyingi. Temeke, jijini Dar es Salaam, waliopona kifua kikuu waliunda kikundi chao, MUKIKUTE, wakawa wanatembelea nyumba na kuzungumza na wagonjwa wenzao. Mtu wa namna hiyo haji na gari. Anakuja kwa miguu, anapiga hodi, anakaribishwa ndani, na akiulizwa kama ugonjwa huu unapona anajionyesha mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa mara ya pili katika nyumba ile ya vyumba saba. Mtoto alipokuwa bado wodini, alikuja mwanamke mmoja wa makamo, amejifunga kanga mbili, amebeba kikapu cha kawaida chenye vikopo chini ya mboga. Mama mwenye nyumba hakubishana naye. Aligonga vyumba vyote mwenyewe, kimoja baada ya kingine, akawaambia wapangaji kwamba kesho asubuhi kila mtu atoe makohozi na kwamba atakayekutwa nacho hatahamishwa, hilo amelisema yeye mwenye nyumba mbele yao wote. Aliondoa na rafu iliyoziba dirisha la chumba cha mbele.

Aliyekutwa nacho alikuwa mmoja, kijana wa bodaboda wa chumba cha nyuma, ambaye alidai kikohozi chake ni cha vumbi la barabarani. Alianza dawa wiki hiyohiyo, kwenye zahanati ya karibu. Walipomuuliza nani atamsimamia akimeza, mama mwenye nyumba alijibu kabla yake, akataja jina lake kamili na namba yake ya simu, na akauliza vidonge vinamezwa kabla ya chai au baada.